Maana ya "Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa"

Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa ni heshima inayotolewa kwa niaba ya taifa la Israeli na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Yerusalemu, kwa watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao ili kuwaokoa Wayahudi dhidi ya mauaji ya halaiki ya utawala wa Wanazi. Neno "mataifa" hapa lina maana ile ile iliyomo katika Biblia ya Kiswahili, yaani watu wasio wa uzao wa Israeli. Kwa hiyo Myahudi aliyemwokoa Myahudi mwenzake hapewi heshima hii, hata ushujaa wake uwe mkubwa kiasi gani.

Tangu 1963 kila shauri huchunguzwa na kamati maalumu, na huruma peke yake haitoshi. Ni lazima mwokoaji awe aliweka rehani uhai, uhuru au kazi yake, asiwe alidai malipo kama sharti la msaada, na uwepo ushahidi wa waliookolewa au wa nyaraka. Hatari yenyewe haikuwa ya kubahatisha: katika kijiji cha Markowa, Poland, mnamo Machi 1944, askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi wanane waliofichwa na Józef Ulma, kisha wakamuua yeye, mkewe Wiktoria aliyekuwa mjamzito, na watoto wao sita.

Dkt. Mohamed Helmy, Mwislamu kutoka Misri, alikuwa Berlin na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufukuzwa hospitalini na kutiwa kizuizini na Wanazi. Hata hivyo, alimsitiri msichana wa Kiyahudi, Anna Boros, kuanzia 1942 hadi vita vilipokwisha, katika kibanda chake pembezoni mwa jiji, na upekuzi ulipokaribia alimhamishia kwa marafiki akimtambulisha kuwa ni binamu yake kutoka Dresden. Bibi yake Anna alifichwa na Mjerumani Frieda Szturmann, aliyegawana naye mgao wake mdogo wa chakula. Helmy alifariki 1982; heshima ilimfikia 2013, akiwa Mwarabu wa kwanza kuipata.

Waliotambuliwa wamepita 28,000, wengi zaidi wakiwa wa Poland na Uholanzi. Idadi hiyo, kwa maoni yangu, isomwe kama hesabu ya ushahidi uliopatikana, kwa kuwa pale aliyefichwa na aliyemficha walipouawa pamoja, mara nyingi hakusalia mtu wa kusimulia.