Komando hapimwi kwa misuli: yanayompata askari mafunzoni

Ukitaja komando, wengi wanamwona mtu wa kifua kipana anayevunja matofali kwa kichwa siku ya sherehe. Hayo ni maonyesho. Mafunzo yenyewe hayana watazamaji, na sehemu kubwa yake ni kutembea tu: usiku, mvua inanyesha, shanta mgongoni, buti zimelowa, malengelenge yamepasuka ndani ya soksi. Sisi wa upande wa tiba huanza kumkagua askari wa namna hii miguuni.

Jina "komando" lilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao vikosi vyao vya wapanda farasi viliwasumbua sana Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902. Waingereza hawakulisahau. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Ujerumani, waliunda vikosi vidogo vya kuvamia pwani za adui na kuvipa jina hilohilo. Kuanzia 1942 wakawa wanawafundishia Achnacarry, kwenye milima ya Uskoti. Urithi huo ungalipo: askari wa majini wa Uingereza havai bereti ya kijani, alama ya ukomando, mpaka avuke mitihani kadhaa, na mmojawapo ni kukata maili 30, yaani kilomita 48 hivi, kwenye nyika ya Dartmoor ndani ya saa 8 akiwa na mzigo wake.

Nguvu za kutembea umbali huo zinajengeka kwa mazoezi. Kinachotafutwa ni kingine: mtu huyu akichoka kabisa, kichwa chake bado kinafanya kazi? Ndiyo maana usingizi ndio unaoanza kunyang'anywa. Katika mafunzo ya SEAL, makomando wa jeshi la wanamaji la Marekani, kuna juma linaloitwa "wiki ya jehanamu", linaloanza Jumapili jioni hadi Ijumaa, na kwa siku zote hizo mwanafunzi hulala jumla ya saa zisizofika nne. Kuna kengele pale uwanjani. Anayeona yamemfika shingoni anaigonga mara tatu na safari yake inaishia hapo. Hakuna anayemfukuza, na hilo ndilo gumu lenyewe, maana mlango uko wazi muda wote na kando yake kuna kahawa ya moto na blanketi.

Usiku wa pili au wa tatu bila usingizi, mti unageuka mtu. Askari anazungumza na mwenzake ambaye hayupo. Anasinzia huku anatembea. Katika hali hiyohiyo anaambiwa: sasa wewe ndiye kiongozi wa doria, soma ramani, panga mavizio, wagawie wenzako kazi. Katika shule ya Ranger, ambako jeshi la nchi kavu la Marekani hufundisha kuongoza vikosi vidogo vitani, uongozi huzungushwa hivyo, na zaidi ya hapo wanafunzi hupimana wenyewe kwa wenyewe. Mtu anaweza kuwa na mapafu ya farasi na bado akaanguka kwa sababu wenzake wameandika kwamba wakati wa kubeba bunduki nzito alikuwa hapatikani. Kwa maoni yangu, huo ndio mtihani wenye akili kuliko yote.

Njaa nayo ina kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa jeshi la Marekani waliwapima wanafunzi wa Ranger na kukuta wanapoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wao katika miezi miwili hivi. Homoni za kiume ziliporomoka na kinga ikadhoofika. Chakula kikaongezwa kidogo, na afya ikawa nafuu bila mafunzo kulegea.

Kuna pia zoezi la kutekwa: askari anafunikwa kichwa, anawekwa kwenye baridi na kelele, kisha anahojiwa kwa ukali. Utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba wengi wa waliohojiwa hivyo, ana kwa ana kwa zaidi ya nusu saa, siku iliyofuata walishindwa kumtambua mhojaji wao. Woga mkubwa unafuta hata sura iliyokuwa mbele ya pua.

Mpaka kati ya kukomaza na kuua ni mwembamba. Februari 1995 wanafunzi wanne wa Ranger walikufa kwa baridi kwenye kinamasi cha Florida. Julai 2013, watatu waliokuwa kwenye mchujo wa kikosi maalumu cha Uingereza walikufa kwa sababu ya joto kwenye milima ya Wales. Mvivu mara nyingi hukaa chini mapema akapona. Aliye hatarini zaidi ni mwenye ari. Joto la mwili likipita nyuzi 40 huanza kuyumba, kujibu ovyo, kukasirikia watu bila sababu, na yeye mwenyewe hajui. Anatakiwa apoozwe palepale, kwa kuzamishwa kwenye maji ya barafu ikiwezekana, ndipo apelekwe hospitali. Mwingine misuli inasagika mpaka mkojo unatoka rangi ya kahawa. Huyo figo zake ziko hatarini.

Nawaandikia hasa vijana wanaoiga mazoezi haya kutoka kwenye video. Nyuma ya kamera kuna daktari na gari la wagonjwa. Zoezi ninaloliogopa kuliko yote ni lile la kubana pumzi chini ya maji. Kijana anahema harakaharaka kwanza "ajaze hewa", kisha anazama. Kumbe kuhema kule hakuongezi oksijeni ya maana. Kunapunguza hewa chafu ya kaboni, ambayo ndiyo inayouambia ubongo kwamba sasa pumua. Onyo halifiki, oksijeni inakwisha, anazimia kimyakimya akiwa bado anajiona yuko sawa. Kwenye bwawa la jeshi kuna mkufunzi ndani ya maji ambaye kazi yake ni kumtazama tu mwanafunzi huyo, na hata hivyo kuna siku anatolewa akiwa hana fahamu.