Mshale wa risasi ambao kadi za Valentine huusahau

Kila Februari hurudi yule mtoto mnono mwenye mabawa na upinde, pembeni yake moyo uliochomwa mshale. Wengi humwita malaika. Si malaika. Ni Eros wa Wagiriki, ambaye Waroma walimwita Cupido au Amor, na kwa karne nyingi hakuwa mtoto.

Hesiod, mshairi wa karibu mwaka 700 KK, anamtaja katika Theogony, shairi lake la asili ya miungu, miongoni mwa wa kwanza kabisa kutokea: kwanza Khaos yaani utupu, kisha Gaia yaani dunia, Tartaros kule chini, halafu Eros. Hapo hana wazazi wala upinde. Ni nguvu inayolegeza viungo na kuzishinda akili za miungu na za binadamu. Habari ya kuwa mwana wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ilienea baadaye. Ukikuta vitabu viwili vinapingana kuhusu wazazi wake, usihangaike kutafuta kilichokosea. Wagiriki hawakuwa na msahafu mmoja. Kule Thespiae, mji wa Boeotia nchini Ugiriki, sanamu yake ya kale zaidi ilikuwa jiwe tupu lisilochongwa.

Kwenye vyombo vya udongo vya Athens vya karne ya 5 KK ni kijana mwembamba mwenye mabawa marefu. Utoto ulimzidi baada ya enzi ya Alexander, na Waroma wakamfanya kundi zima: katika nyumba ya Vettii, Pompeii, wamechorwa ukutani wakifua dhahabu na kutengeneza manukato. Kitambaa cha machoni ndicho kinachowapotosha wengi. Hicho ni nyongeza ya wachoraji wa Ulaya ya Zama za Kati. Cupid wa kale anaona vizuri, na analenga kwa makusudi.

Ovid, mshairi wa Kiroma, ndiye anayetueleza silaha zenyewe, katika kitabu cha kwanza cha Metamorphoses. Mungu Apollo amemuua joka Python, anamkuta Cupid akivuta upinde, anamkejeli: silaha hizi si za mtoto. Cupid anatoa mishale miwili podoni. Mmoja ni wa dhahabu, ncha kali inayong'aa, nao huwasha mapenzi. Wa pili ni butu, una risasi (madini yale mazito, si ya bunduki) chini ya uti wake, nao huyafukuza. Wa dhahabu unampata Apollo hadi kwenye uboho. Wa risasi unampata Daphne, binti wa mto Peneus. Mmoja anakimbiza, mwingine anakimbia, mpaka Daphne anamwomba baba yake msaada na kugeuka mti wa laureli. Jina lake kwa Kigiriki ndilo jina la mti huo. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa ishara yote. Cupid hakuwaunganisha wawili. Aliadhibu dharau, na aliyelipa zaidi ni msichana ambaye hakumkosea yeyote.

Mara moja silaha ilimrudia mwenyewe. Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 kutoka Madauros, leo Algeria, anasimulia kwamba Venus, yaani Aphrodite wa Waroma, alimwonea wivu binti mfalme Psyche kwa uzuri wake, akamtuma mwanawe Cupid amfanye ampende mtu duni kuliko wote. Cupid anakiri kwamba yeye, mpiga mishale hodari, alijichoma kwa mshale wake. Akamwoa Psyche gizani, kwa sharti asimwone. Psyche akawasha taa, akajichoma kidole kwenye mshale, kisha tone la mafuta ya moto likamwunguza mumewe bega la kulia, naye akaruka akaenda zake.

Venus akampa Psyche kazi nne. Ya kwanza: kutenganisha kabla ya jioni rundo la ngano, shayiri, mawele, mbegu za popi, dengu, adesi na maharage. Sisimizi wakamfanyia. Ya mwisho ilikuwa kuleta kikasha cha uzuri kutoka kuzimu, na maelekezo yake ni ya msafiri makini: sarafu mbili mdomoni za kumlipa mvushaji wa mto wa kuzimu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mikate miwili ya shayiri ya kumtupia mbwa Cerberus. Alifuata yote, ila akakifungua kikasha njiani. Ndani mlikuwa na usingizi tu.

Cupid, bega likiwa limepona, alimwamsha kwa kumdonoa na ncha ya mshale wake.