Maana ya Msukumo katika Kadi za Mkono na Kurasa za Albamu

Msukumo wa kubuni, kwa mtengenezaji wa kadi za mkono au kurasa za albamu ya kumbukumbu, ni kuona jinsi kitu kimoja kilivyopangwa na kuuhamishia mpangilio huo kwenye kitu cha aina nyingine. Maana ndiyo hiyo, wala isingehitaji maelezo marefu kama neno lenyewe lisingetumiwa kila siku kwa jambo jingine kabisa. Mtu hukata kipande cha kanga, hukibandika mbele ya manila iliyokunjwa, kisha husema kwamba kadi yake imepata msukumo wa kanga, na wauzaji nao wameyapokea maneno hayo wakayafanya sifa ya bidhaa. Kadi hiyo haikupata msukumo wa kanga, imepata kanga.

Kilichobandikwa ni malighafi. Katika maduka ya vinyago huuzwa kadi zenye twiga au mwanamke mwenye mtungi, zilizotengenezwa kwa magamba makavu ya mgomba, na hakuna anayedai kwamba twiga yule ametokana na msukumo wa mgomba. Kila mtu anaelewa kwamba gamba limetumika kama karatasi au rangi. Inapofika kanga, kwa sababu kitambaa chenyewe kimekwisha kupambwa, tunasahau tofauti hiyo na kumhesabia mkataji sifa za aliyechora. (Nitaacha kando kwamba pamba iliyopakwa gundi nyeupe ya maji huivuta manila ikajikunja, na kwamba ncha zisizopindwa huanza kuchomoka nyuzi kabla kadi haijafika kwa mwenyewe.)

Mtu anayetafuta msukumo wa kanga huiacha kanga nzima na kuitazama. Ataona sehemu tatu ambazo kila mvaaji anazijua: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo ndani ya mji upande wa chini, karibu na pindo refu, mara nyingi kwa herufi kubwa na ndani ya kisanduku chembamba. Kisha atajiuliza kila sehemu inafanya kazi gani. Pindo hulizuia jicho lisitoke nje, na kwa kuwa limejaa mapambo, mji unaweza kuachwa na nafasi ya kutosha bila kuonekana mtupu. Jina limewekwa mahali pamoja pasipobadilika, hata msomaji anajua pa kulitafuta kabla hajaiona kanga yenyewe. Na jambo ambalo watengenezaji wa kadi hulipita bila kulitazama ni kwamba jina halina desturi ya kuueleza mchoro: kanga ya mananasi inaweza kuandikwa “Wema hauozi”, na hakuna anayeuliza mananasi yameingiaje. Picha ina lake na maneno yana lake, na mpokeaji ndiye anayeyakutanisha. Linganisha na kadi tulizozizoea, ambazo huchorwa keki na chini yake huandikwa heri ya siku ya kuzaliwa, kana kwamba mpokeaji asingeitambua keki. Mtu akijifunza kwa kanga jambo hilo moja tu, la kuyaacha maneno yaseme ambalo picha haikusema, amepata msukumo hata kama kadi yake haina uzi mmoja wa kanga wala rangi zake.

Vipimo pia vinasaidia. Kanga ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Manila ya A4 ikikatwa katikati na kila nusu ikakunjwa, hutoa kadi mbili za A6, yaani milimita 148 kwa 105, zinazoingia bila taabu katika bahasha ya C6. Kwa hiyo kila sentimita ya kanga ni karibu milimita moja ya kadi: pindo la sentimita 15 litakuwa fremu ya milimita 15, na rula ya kawaida inatosha kuuhamisha mpangilio wote. Kwa kadi ya harusi, hata ukosefu wa maandishi ni funzo, kwa maana visutu vya kale, yaani kanga za bibi harusi, havikuwa na jina na havikupungukiwa na kitu.

Kwenye albamu, la kuchukua ni doti. Kanga huuzwa vipande viwili vinavyofanana, na albamu ikifunguliwa huonyesha kurasa mbili zinazotazamana. Kurasa hizo zikipewa pindo moja na mahali pamoja pa maelezo, picha zilizo katikati zinaweza kutofautiana kadiri unavyotaka, ya bibi upande huu na ya mjukuu upande ule, na bado jicho litazisoma kama jambo moja.

Si kanga peke yake. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ambayo John Callcott Horsley alimchorea Henry Cole huko London mwaka 1843, imegawanywa sehemu tatu mithili ya zile picha za madhabahuni: katikati familia imeinua bilauri, na pembeni maskini wanalishwa na kuvishwa. Hakuna kipande cha madhabahu kilichobandikwa pale. Ni ule mgawanyo tu. Mlango wa kuchonga wa Unguja nao una mbao mbili na mfaa unaofunika pale zinapokutana, na kadi inayofunguka pande mbili kutoka katikati ina tatizo lile lile la ufa. Ukibandika ukanda wa manila kwenye ubao mmoja tu, ukauacha upitilize kidogo juu ya wa pili, ufa hauonekani na kadi bado inafunguka. Huo nauita msukumo kwa moyo mkunjufu, ijapokuwa kadi yenyewe inaweza isiwe na ua hata moja la kuchongwa.

Wapo pia wanaoichukua kadi iliyokamilika ya mtu mwingine, wakabadilisha rangi na jina la mpokeaji. Huko ni kunakili, na kwa anayeanza ni mazoezi mazuri, kwani mkono hujifunza mengi kwa kufuata. Lakini aliyenakili amehamisha kadi kwenda kwenye kadi, na kazi ya kuona mpangilio ilikuwa imekwisha kufanywa na mwenzake.

Basi mwenye kadi yake ya kipande cha kanga asiitupe, na akitaka kuiuza aiuze. Ninachoomba ni kwamba pale kwenye kibandiko cha bei aandike “kadi ya kitambaa cha kanga”, maelezo ambayo mnunuzi atayaelewa mara moja, na neno msukumo aliweke mpaka siku atakayochukua rula akapima pindo.