Kwa nini shuka lako jeupe limekuwa la manjano

Mama mmoja aliniletea mashuka manne meupe aliyokwisha kuyakatia tamaa. "Dobi," akaniambia, "haya nimeyaloweka klorini mara tatu, na kila nikiyatoa yamezidi umanjano. Labda maji yangu ni mabaya." Nililichukua moja nikalinyoosha dirishani. Umanjano ulikuwa umejichora kama ramani ya mtu aliyelala: kichwa na mabega juu, mgongo katikati, na kule miguuni peupe kabisa. Nikapitisha kidole pale mabegani. Kitambaa kilikuwa kinateleza kidogo, kama karatasi iliyoguswa na mafuta.

"Mama, maji yako hayana kosa. Haya ni mafuta yenu wenyewe."

Nimefua mashuka miaka mingi, mingi ya hiyo katika chumba cha kufulia cha hoteli, na naweza kusema kwamba karibu kila lalamiko ninaloletewa chanzo chake ni hicho. Shuka si kama suruali ya shambani. Halina tope wala masizi, kwa hiyo macho yanaliona safi. Lakini usiku kucha ngozi inatoa jasho, mafuta na chembe za ngozi iliyokufa, na juu yake kuna losheni uliyojipaka kabla ya kulala. Jasho halina taabu, sehemu kubwa ni maji na chumvi, hata maji ya baridi yanalitoa. Mafuta ndiyo yanayobaki. Mwanzoni hayaonekani, na yakikaa yanakutana na hewa, yanabadilika, yanakuwa ya manjano na kushikamana na nyuzi. Umewahi kuona mafuta ya kupikia yaliyorukia ukuta wa jiko? Siku ileile unayafuta kwa kitambaa. Baada ya miezi miwili yamekuwa gundi. Shukani ni hivyohivyo.

Ndiyo maana nawaambia watu wafue kwa kalenda, wasingoje macho. Shuka mara moja kwa wiki. Foronya, kama unaweza, mara mbili, kwa sababu uso na nywele vina mafuta kuliko mgongo. Anayeoga kabla ya kulala anaweza kuvuta hadi wiki mbili, na zaidi ya hapo unajitafutia kazi.

Sasa tuje kwenye klorini. Klorini inaua vijidudu na inafuta rangi za madoa mengi, hilo silipingi. Ila haing'oi mafuta. Unapolitumbukiza shuka lenye mafuta ndani yake, yanabaki palepale, na protini za jasho na ngozi zikikutana na klorini zinaweza kuzidisha umanjano. Wakati huohuo inakula pamba. Nilijifunza hili kwa aibu nikiwa bado mgeni kazini. Nilimwaga klorini moja kwa moja juu ya mashuka yaliyolowa badala ya kuichanganya na maji kwanza. Yalitoka meupe, nikasifiwa. Wiki chache baadaye mtandika vitanda alivuta pindo ili alichomeke chini ya godoro, shuka likachanika kwa sauti ya karatasi. Tulipoyakagua mengine tukakuta matundu yenye kingo laini, kama yaliyoliwa. Shuka la mpira, lile lenye lastiki pembeni, huumia mapema zaidi, maana klorini inaua lastiki hiyo.

Na tafadhali, usiichanganye na kitu. Klorini na siki, au limau, au ile asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu. Klorini na amonia nazo hutoa mvuke unaochoma mapafu, na mkojo uliokaa una amonia. Kwa hiyo shuka la mtoto aliyekojoa lisuuzwe vizuri kwa maji matupu kabla ya lolote.

Yale mashuka manne niliyafanyia hivi. Nilitumia sodiamu pakaboneti, unga mweupe unaouzwa kama dawa ya madoa ya aina ya oksijeni. Ukikutana na maji ya moto unatoa haidrojeni peroksaidi, na hiyo ndiyo inayong'arisha. Hauli pamba kama klorini, na haufuti rangi kwa fujo, ingawa kwa shuka la rangi ujaribu pembeni kwanza. Hariri na sufi usizitie kabisa. Niliuyeyusha kwenye beseni la maji ya moto, kipimo cha pakiti, nikaongeza sabuni ya unga ya kawaida yenye vimeng'enya, yaani dawa zinazovunjavunja uchafu wa mwili, nikazamisha mashuka yote mpaka hakuna pembe iliyochungulia nje. Baada ya nusu saa maji yalikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilimwita mama aje aone. Akashika mdomo. "Haya yote tulikuwa tunayalalia?" Nikayamwaga, nikarudia kwa maji mapya, nikayaacha usiku kucha. Asubuhi nikafua kama kawaida. Matatu yalirudi meupe. La nne lilibaki na kivuli pale kichwani, na nadhani hicho hakitatoka tena.

Usinielewe vibaya, siyo lazima kila wiki uloweke hivyo. Ukifua kwa wakati, sabuni nzuri na maji ya uvuguvugu yanatosha. Kwenye kazi yetu kuna kanuni inayoitwa duara la Sinner. Mkemia Mjerumani Herbert Sinner aliieleza mwaka 1959: usafi wowote unatokana na vitu vinne, yaani joto, dawa, muda na nguvu ya kusugua. Ukipunguza kimoja, uongeze kingine. Huna maji ya moto? Loweka muda mrefu zaidi. Hupendi kusugua? Basi joto na sabuni vifanye kazi. Watu wengi hupunguza vitatu kwa mpigo, maji ya baridi, dakika kumi, kufikicha kidogo, halafu wanategemea cha nne kiwaokoe kwa kumimina sabuni nusu pakiti.

Sabuni ikizidi ni balaa lake lenyewe. Isiposuuzika inakauka ndani ya kitambaa, shuka linakuwa gumu, linawasha ngozi, na linashika uchafu mpya upesi. Una shaka? Chukua foronya iliyofuliwa na kukauka, itie kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yasiyo na kitu, ikoroge kwa mkono. Povu likitoka, hiyo ni sabuni ya jana. Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha chokaa kwenye birika, tatizo ni zaidi ukitumia sabuni ya mche, kwa sababu inaungana na madini ya maji na kutengeneza utando wa kijivu usioyeyuka. Sabuni ya unga inayahimili maji hayo vizuri zaidi.

Kuhusu joto, nyuzijoto 40 zinatosha kwa mafuta ya wiki moja. Panda hadi 60 kama nyumbani kuna mgonjwa, kuna kunguni, au kuna mtu anayebanwa kifua na vumbi. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo ambao macho hayawaoni, hukaa kitandani wakila chembe za ngozi yetu, na kinyesi chao ndicho kinachosumbua wenye pumu. Maji ya baridi yanaondoa sehemu kubwa ya kinyesi hicho lakini wengi wao hawafi. Kwa nyuzijoto 60 wanakufa. Huna mashine? Changanya ndoo moja ya maji yanayochemka na ndoo moja ya maji ya baridi ya bomba, utakuwa karibu na hapo. Koroga kwa mti, usitie mkono, yanaunguza. Na soma kibandiko cha shuka kwanza: pamba tupu na kitani hustahimili, vilivyochanganywa na poliesta mara nyingi vinaomba joto la chini.

Poliesta, kwa maoni yangu, ndiyo inayowadanganya watu. Inakauka haraka, haijikunji, bei nafuu. Lakini inapenda mafuta kuliko inavyopenda maji, ndiyo maana harufu ya mwili inang'ang'ania humo hata baada ya kufua, na baada ya muda inaota vile vinundu vinavyokwaruza. Kwa shuka mimi ni mtu wa pamba. Wala usibabaishwe na namba kubwa ya nyuzi iliyoandikwa kwenye pakiti. Ikizidi sana, mara nyingi wamehesabu uzi mmoja uliosokotwa mara mbili au tatu kana kwamba ni nyuzi mbalimbali.

Madoa nitayapitia haraka. Damu ni maji ya baridi tu, tena mapema. Maji ya moto yanaigandisha kama yai. Kutu usiitie klorini, itajikita zaidi; limau na chumvi, kisha jua, halafu suuza. Na kama foronya yako ya rangi imepata mabaka meupe au ya rangi ya chungwa, usimlaumu aliyefua. Angalia krimu ya chunusi. Nyingi zina benzoili peroksaidi, ambayo inafuta rangi ya kitambaa, na hakuna kufua kutakakoirudisha. Walioniletea foronya za namna hiyo wakidai nimeziharibu ni wengi, nami siku hizi nauliza habari za chunusi kabla hatujagombana.

Kwenye mashine, kosa ni kujaza. Shuka linahitaji nafasi ya kupindukapinduka. Likibanwa linajiviringisha kuwa mpira, na shuka la mpira hasa linameza mengine yote tumboni mwake, unatoa bonge lenye katikati pakavu. Yaingize moja moja kwa kuyalegeza, usiyakunje. Funga vifungo na zipu za foronya ya duveti. Taulo zifuliwe peke yake, zinaacha manyoya na uzito wake unasugua nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo mimi situmii kwenye mashuka: ulaini wake ni utando unaoachwa juu ya uzi, na utando huo unazuia pamba kunywa jasho. Tumetoka kupigana na mafuta, tusiyapake upya.

Ile bluu ya kufulia ya zamani haisafishi chochote. Inaweka kivuli cha buluu kinachofunika umanjano machoni. Sabuni nyingi za unga hufanya mchezo unaofanana nao kwa dawa zinazopokea mwanga wa jua usioonekana na kuutoa kama mwanga wa buluu. Zinapendeza, sikatai, ila jicho lisikudanganye kwamba mafuta yametoka. Amini kidole na pua. Shuka lililotakata halitelezi, na ukilinusa likiwa na joto la pasi halitoi harufu yoyote.

Usilikamue kwa kulinyonga. Liache mashine ilizungushe, au likunje na kulibana. Likung'ute kwa nguvu mara mbili kabla ya kuanika, utajipunguzia nusu ya kazi ya pasi. Anika kwa kukunjia pindo juu ya kamba, usibane katikati ya kitambaa. Meupe yapate jua kali, linasaidia kung'arisha na kuua vijidudu. Ya rangi yageuze ndani nje au yaanike kivulini, yasipauke. Piga pasi yakiwa bado na unyevu kidogo, kisha yaache yapoe wazi kabla ya kukunja. Unyevu uliofungiwa kabatini ndio unaoleta vile vidoti vyeusi vya ukungu. Mfuko wa plastiki usitumie kuhifadhia. Kunja seti nzima uitie ndani ya foronya yake moja, hutahangaika kutafuta mwenzake.

Shuka likianza kuchakaa, linachakaa katikati, pale mwili unapolala, na kingo zinabaki imara. Lishike dirishani: ukiona mwanga unapenya katikati kuliko pembeni, wakati umefika. Usilitupe. Lichane katikati kwa urefu, geuza vipande ili zile kingo imara mbili zikutane, uzishone pamoja, kisha pinda zile zilizochakaa pembeni. Utalala juu ya mshono siku mbili tatu ukiuhisi, halafu utausahau, na shuka litakupa mwaka au zaidi. Lile la nne la yule mama nimelifanya hivyo. Kivuli cha kichwa kimehamia pembeni, kimechomekwa chini ya godoro.