Tifutifu Haijibu Swali la Maji

Nimeletewa tena karatasi ya maabara. Safari hii ni ya shamba la ekari 5 upande wa Hombolo, hapa Dodoma. Mwenye shamba anataka kupanda zabibu, na aliyemshauri amezungushia kalamu nyekundu neno moja, tifutifu, kisha pembeni akaandika: "Unapitisha maji vizuri, endelea." Hakuna aliyechimba shimo, wala aliyeuliza shamba liko sehemu gani ya mteremko. Mzee wa watu amekwisha kuagiza nguzo na waya.

Nimechoka na sentensi hiyo. Inatokea kwenye vipeperushi, kwenye semina, kwenye vikundi vya wakulima vya simu, hata kwenye maandiko ya miradi ya fedha nyingi: kichanga hupitisha maji haraka, mfinyanzi hutuamisha, tifutifu ni wastani mzuri. Wanafunzi huikariri, wakihitimu huenda nayo shambani, na mizabibu hufa.

Tifutifu ni habari ya ukubwa wa chembe, basi. Kwa pembetatu ya Wamarekani tunayoitumia wengi wetu, yaani mchoro wa kupanga udongo kwa ukubwa wa chembe zake, ni udongo wenye mfinyanzi asilimia 7 hadi 27, silti (chembe za kati, ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi) asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiozidi asilimia 52. Maabara inazipataje asilimia hizo? Inachukua udongo uliokaushwa, inauponda, inauchekecha kwa chekeche la milimita 2, inautia kemikali ya kutawanya chembe na kuukoroga mpaka kila donge livunjike. Ndipo inapopima kasi ya chembe kuzama. Kwa maneno mengine, kabla ya kipimo kuanza, njia zote ambazo maji yalikuwa yanapita zimeharibiwa: matundu ya mizizi, vishimo vya mchwa, nyufa kati ya madonge. Na sampuli yenyewe ilichotwa sentimita 20 za juu. Huwezi kuchukua namba iliyopatikana baada ya kuvunja muundo wa udongo ukaitumia kueleza kazi ya muundo huohuo, tena kwa tabaka ambalo hukuligusa.

Maji hayaishii sentimita 20. Yanashuka mpaka yakutane na kitu kinachoyazuia, kisha yanapanda kurudi juu au yanaenda kando. Chekeche hata liwe na matundu makubwa vipi, ukiliweka ndani ya sufuria maji hayaondoki. Mkulima ameonyeshwa chekeche, sufuria hakuonyeshwa.

Mfano wa wazi kuliko yote hauko kwetu, uko Marekani kwenye majimbo ya mahindi, nami huutumia makusudi kwa sababu hauachi mahali pa kujificha. Kule barafu kubwa ilishuka kutoka Kanada ikisaga miamba na kubeba kila kitu pamoja: mawe, kokoto, mchanga, silti, mfinyanzi. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, iliacha mchanganyiko huo bila kuuchambua. Wenyewe wanauita tili. Tili ya kaskazini-kati ya Iowa na kusini mwa Minnesota ni tifutifu kwa sehemu kubwa, tangu juu hadi chini. Kama ile sentensi ya vipeperushi ingekuwa kweli, eneo lote hilo lingepitisha maji kwa namna moja.

Halipitishi hivyo. Juu ya vilima vidogo kuna udongo uitwao Clarion, ambao unapitisha maji vizuri kuliko wenzake. Ukishuka kidogo, pengine mita moja au mbili tu za wima, unakuta Nicollet, uliowekwa kwenye daraja la "kupitisha maji kwa shida kiasi": si wa kinamasi, si wa mlimani, maji yanakaa karibu na uso kwa muda wa kutosha kuisumbua mizizi msimu wa mvua. Bondeni yuko Webster, ambao umetuama hasa. Mama ni mmoja, tili ileile yenye chokaa. Chembe zao zinakaribiana, tifutifu au tifutifu yenye mfinyanzi zaidi. Kinachowatofautisha ni mahali walipokaa na kina cha maji chini yao.

Kuna na namna nyingine, ya Indiana na Ohio, kwenye udongo uitwao Crosby. Huko chini ya tabaka la kati lenye mfinyanzi kuna tili iliyoshindiliwa na uzito wa barafu. Tili kama hiyo huweza kufika gramu 1.8 kwa sentimita moja ya ujazo. Piga hesabu: chembe za madini zina gramu 2.65, kwa hiyo matundu yaliyobaki ni thuluthi moja hivi, na mengi ni membamba kiasi kwamba maji yanajivuta. Mizizi inapinda na kutambaa kando. Maji ya majira ya baridi na ya kuchipua yanakwama juu ya tabaka hilo, wakati chini yake unaweza kukuta pakavu. Hayo ni maji yaliyoning'inia. Tofautisha na maji ya ardhini yanayopanda kutoka chini, maana tiba zake si moja.

Sasa rudi Dodoma. Barafu hatukuwa nayo. Ardhi yetu imekaa juu ya granaiti kongwe za kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale sana cha gamba la dunia, na hakuna tili hata kiganja. Lakini mpangilio wa mteremko tunao, tena mtu aliyeupa jina alikuwa akifanya kazi nchini humu. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule Usambara, ndiye aliyependekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki usichorwe kama mabaka yasiyohusiana. Uchorwe kama mnyororo unaoshuka kutoka kilimani hadi mbugani, kila kiungo kikiwa na sababu ya kuwa pale kilipo. Aliuita katena. Wamarekani wanaufundisha mnyororo wa Clarion, Nicollet na Webster kwa wazo hilohilo. Inaniuma kwamba sisi ambao wazo lilitoka kwetu ndio tunaoshauri shamba kwa karatasi ya sentimita 20.

Mnyororo wetu, kwa kifupi: mawe na changarawe juu, udongo mwekundu wa kichanga-tifutifu kwenye bega la mteremko, huo ndio wa zabibu, halafu chini kidogo udongo wa kijivu wenye mchanga laini juu na tabaka gumu chini yake, mwisho mbuga nyeusi inayopasuka nyufa kiangazi. Kila mtu anaijua mbuga. Hakuna atakayepanda zabibu mbugani, maana trekta lenyewe hukwama humo. Balaa liko kwenye kiungo cha tatu, kile cha kijivu. Ukishika udongo wake wa juu mkononi ni laini, unamwagika vizuri, maabara itakuandikia kichanga-tifutifu. Sentimita 30 au 40 chini, jembe linadunda. Wasukuma wana jina lake, itogolo, na wamekuwa wakiutengea majaruba ya mpunga miaka mingi, kwa sababu wanajua maji hulala hapo.

Watu hunijibu: "Lakini Dodoma ni kame, maji ya kutuama yatoke wapi?" Mvua yetu ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, ni kweli. Ila inashuka Desemba hadi Aprili, na ndani ya miezi hiyo inashuka kwa vishindo. Udongo ukiwa umeshalowa, milimita 60 za jioni moja juu ya tabaka gumu lililo sentimita 35 chini zinaweza kujaza karibu matundu yote yaliyo juu yake. Mzizi hauulizi wastani wa mwaka. Unauliza kama leo kuna hewa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani, kwa hiyo udongo ukishajaa, na joto letu la Januari, kilichomo humalizwa na mizizi na vijidudu mapema sana.

Hapa ndipo rangi inapoingia, na hapa naomba subira kwa sababu ndipo panapoharibiwa zaidi. Oksijeni ikiisha, vijidudu hutafuta kitu kingine cha kupumulia: kwanza naitreti, kisha manganizi, kisha chuma. Chuma kikibadilika huyeyuka na kuhama na maji. Kilipotoka panabaki kijivu. Kinapokutana na hewa tena, tuseme ukingoni mwa tundu la mzizi, kinarudi kuwa kutu: mabaka ya rangi ya chungwa au hudhurungi. Manganizi huacha vijiwe vidogo vyeusi. Kwa hiyo ukichimba na kuona mabaka ya kutu ndani ya kijivu kuanzia sentimita 40, umesoma daftari la miaka mingi ya mvua. Madaraja 7 ya Wamarekani, kuanzia udongo unaopitisha maji kupita kiasi hadi ule uliotuama kabisa, mtu wa shambani huyakadiria kwa kiasi kikubwa kutokana na kina cha mabaka hayo.

Kwenye tili ya Iowa somo hilo linakwenda vizuri. Kwetu halinyooki, na vitabu havisemi hivyo kwa sauti ya kutosha. Vijidudu vinahitaji chakula. Udongo wetu wa kati ya mteremko mara nyingi haufikishi hata asilimia 1 ya kaboni ya viumbe hai, na ukishuka sentimita 50 ni kidogo zaidi. Maji yanaweza kujaa wiki mbili na chuma kisiguswe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kula. Shimo lisilo na mabaka, basi, halithibitishi kwamba maji hayakai. Udongo mwekundu sana nao una chuma kingi, na mabaka hufichika. Upande wa pili, kijivu si lazima kiwe cha maji: mchanga wa granaiti uliooshwa ni wa kijivu wenyewe. Tena yapo mabaka ya kale, ya enzi ambapo maji yalikaa pale na sasa hayakai. Ukikuta ukingo wa baka ni mkali kama limekatwa kwa kisu, shuku kwamba ni la zamani. Likififia taratibu kuingia kwenye udongo jirani, yaelekea bado linafanyika. Yaelekea, nimesema. Wataalamu wawili wazuri kwenye shimo moja hubishana.

Na daraja lenyewe? Udongo uliojaa maji wiki tatu za Januari kisha ukakauka kama tofali miezi minane, niuandikeje? Madaraja hayo yalitungwa yakizingatia nchi zenye unyevu. Mimi huandika "kwa shida kiasi" kwa sababu msimu wa mazao ndio huohuo wa mvua, lakini mwenzangu huandika daraja la juu yake na sina hoja ya kummaliza. Ndiyo maana kwenye ripoti naandika pia kina cha tabaka gumu na miezi ambayo maji huonekana. Anayesoma aamue.

Ushahidi mzuri kuliko rangi ni maji yenyewe. Tafuta mabomba mawili ya plastiki, yatoboe chini, moja lichomeke mpaka sentimita 30 na jingine mpaka mita 1, ziba kingo kwa mfinyanzi, angalia kila asubuhi msimu wa mvua. Bomba fupi likiwa na maji na refu likiwa kavu, una maji yaliyoning'inia juu ya tabaka. Lakini tafadhali, si Oktoba. Nimeona watu wakimimina ndoo ya maji kwenye shimo mwezi Oktoba, yakipotea ndani ya dakika, wakashangilia. Udongo mkavu unanyonya kwa kiu, na nyufa zinameza. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu Januari.

Zabibu sasa. Kwenye udongo wa kijivu, kuchimba shimo la kupandia kwa sululu mpaka ndani ya tabaka gumu, kulijaza samadi na kuupanda mche humo ni kuuchimbia mche bwawa lake. Samadi inawapa vijidudu chakula, oksijeni inaisha haraka zaidi, mizizi inaoza. Na mkulima anaambiwa ni ugonjwa, ananunua dawa. Kama huna shamba jingine, panda juu ya matuta mapana na uchimbe mfereji wa kukinga maji yanayoshuka kutoka juu ya mteremko. Kama unalo, peleka zabibu kwenye wekundu na huku chini lima mpunga kwa majaruba. Udongo huu si mbaya. Nicollet na Crosby, baada ya kuwekewa mabomba ya kutoa maji chini ya ardhi, ni miongoni mwa mashamba yanayolisha Marekani.

Kuna wanaouliza kuhusu kuchana tabaka kwa ripa, lile jino refu la chuma linalokokotwa na trekta. Inasaidia pale ambapo chini ya tabaka kuna udongo unaopokea maji. Chimba kwanza ujue, maana kama chini ni mfinyanzi mtupu umetengeneza mfereji usio na mahali pa kutolea maji. Na kama tabaka lina sodiamu nyingi, jambo la kawaida ukielekea bonde la Bahi, chembe zitatawanyika kwa mvua na mpasuko utajiziba. Hapo dawa ni jasi, na bahati nzuri inachimbwa Itigi, mkoani Singida. Kalsiamu yake inaisukuma sodiamu itoke kwenye chembe. Ila sodiamu iliyosukumwa lazima ioshwe iende mahali, kwa maji ya ziada na kwa njia ya kutokea, na sisi tunafanya kazi hiyo kwa milimita 550 juu ya tabaka lisilopitisha. Kwenye kipande kidogo chenye matuta, mfereji na jasi iliyochanganywa ndani ya mistari iliyochanwa, nimeona maji yakianza kushuka. Kwa ekari 5 nzima, kwa bei ya mafuta ya trekta, sijashawishika, na mzee wa Hombolo nimemwambia asifungue waya wake mpaka tuchimbe mashimo matatu: moja juu, moja katikati, moja chini ya shamba.