Kuongeza uzito huku lehemu ikishuka: maswali ya fundi seremala wa Lamu na majibu yake

Maswali yafuatayo yameulizwa na fundi seremala wa milango, mkaazi wa mji wa Lamu, mwenye umri wa miaka 34. Urefu wake ni mita 1.72, uzito wake kilo 51, na karatasi yake ya maabara inaonyesha kuwa lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayoandikwa LDL, ni milimoli 4.4 kwa lita, ilhali kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine hupendelewa iwe chini ya 3.0. Jamaa zake wanamhimiza anenepe na daktari amemwambia apunguze mafuta, naye akaona kwamba maneno hayo mawili yanapingana. Hayapingani, na nitajaribu kueleza kwa nini, nikitumia vyakula ambavyo sisi wa pwani tunavijua tangu utotoni.

Mimi ni mwembamba tangu nizaliwe. Imekuwaje lehemu ikapanda, na siku zote nasikia kuwa ni ugonjwa wa wanene?

Hilo la kuwa ni ugonjwa wa wanene ni kosa lililoenea sana, na limewafanya wembamba wengi wasipimwe mpaka moyo ulipowashtua. Lehemu haitoki kwenye sahani peke yake. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na ini hilohilo ndilo lenye kazi ya kuiondoa LDL katika damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya chembe zake. Vipokezi vikiwa vichache au vikilegea, LDL hubaki ikizunguka kwenye mishipa, hata kama mwenye mwili huo mbavu zake zinahesabika.

Vipokezi hulegea kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni aina ya mafuta tunayokula, na hiyo nitaieleza kwa urefu hapa chini. Ya pili ni urithi, kwani takriban mtu 1 kati ya kila 250 hadi 300 huzaliwa na hitilafu inayomfanya awe na LDL ya juu tangu utotoni. Kwa hiyo waulize wazee wako kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipata mshtuko wa moyo mapema, yaani mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65. Tazama pia kano iliyo nyuma ya kisigino chako. Ikiwa imevimba na kuwa nene isivyo kawaida, mwonyeshe daktari, maana huenda ni lehemu iliyojikusanya hapo.

Je, ni lazima niongeze uzito?

Ukigawa kilo zako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 17.2. Chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa ni uzito pungufu, kwa hiyo ndiyo, kilo nne au tano zaidi zitakufaa. Kabla ya kuingia jikoni, hata hivyo, kuna jambo ambalo sitaki ulipite mbio. Mtu aliyekuwa mwembamba maisha yake yote si sawa na mtu aliyekonda hivi karibuni. Ikiwa katika miezi sita hadi kumi na miwili iliyopita umepoteza kilo mbili na nusu au zaidi bila kukusudia, au una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu kisichoisha na kukojoa mara kwa mara, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, basi dawa yako si chakula kwanza bali ni kupimwa: kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, virusi vya ukimwi na minyoo. Nimewaona watu wakilishwa samli miezi mitatu, kumbe kisukari kilikuwa kinawala.

Mama yangu ananisisitiza nile samli na wali wa tui zito. Anasema wazee walikula nazi na hawakuugua. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mwambie kwamba kauli yake ina ukweli ndani yake, kisha mkae pamoja muangalie hesabu.

Mafuta ya nazi na samli yamejaa yale yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, na hayo ndiyo hulegeza vile vipokezi vya ini. Wengi hufundishwa kuyatambua kwa kuwa huganda, lakini hapa kwetu alama hiyo inadanganya. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25, na Lamu hufika kiwango hicho karibu kila siku, kwa hiyo chupa yake huonekana nyororo kama mafuta ya alizeti. Itie kwenye friji usiku mmoja, na asubuhi utaikuta nyeupe kama mshumaa. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo, wakati katika mafuta ya alizeti ni asilimia kama 10 hadi 12 tu.

Sasa chukua kikombe kimoja cha kasimile, lile tui la kwanza lililokamuliwa bila maji mengi. Ndani yake huwa na gramu karibu 50 za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, yaani gramu kama 22 kwa anayekula kalori 2,000, na mwenye LDL ya juu kama wewe anahitaji kushuka zaidi, hadi gramu 13 au 14. Kijiko kikubwa cha samli peke yake hukaribia gramu 8 au 9. Kwa hiyo anayeongeza uzito kwa samli na kasimile huongeza kilo kweli, lakini analipia kwa mishipa yake.

Kuhusu wazee, ni kweli walikula nazi. Walikula pia samaki kuliko nyama, kunde, mbaazi, mkate wa mofa wa mtama, na walitembea na kubeba kutwa nzima. Hawakuweka juu ya tui hilo mahamri ya kukaanga asubuhi, viazi karai jioni na soda katikati. Pia hawakupimwa damu, hivyo hatuwezi kusema kwa yakini nini kilikuwa mishipani mwao.

Simwambii mtu wa Lamu aache nazi, maana ni sawa na kumwambia ahame. Ninachoshauri ni wali wa nazi usiwe wa kila siku, bali mara moja au mbili kwa wiki. Mchuzi upikwe kwa tui la pili, lile jepesi, kisha kasimile itiwe vijiko viwili vya mwisho kwa sufuria nzima, wakati moto unapozimwa. Ladha na harufu hubaki, kwa sababu tui lililotiwa mwisho husikika ulimini zaidi kuliko lililochemka nusu saa.

Basi kalori za kunenepa nizipate wapi, kama samli na nazi nimepunguza?

Hapa ndipo penye habari njema, na nina hakika wengi hawajaambiwa. Gramu moja ya mafuta, yawe ya nazi au ya simsim, hutoa kalori zilezile 9. Mwili unaotaka kunenepa haujali mafuta yametoka wapi. Anayejali ni ini. Ukibadilisha aina bila kupunguza kiasi, unapata kilo na LDL inashuka kwa wakati mmoja.

Na mafuta mazuri tunayo mlangoni. Katika miji ya Hindi na Mpeketoni, bara ng'ambo ya pili, hulimwa simsim na korosho. Mafuta ya simsim, ambayo wazee huyaita mafuta ya uto, yalikuwa yakikamuliwa hapa Lamu kwa kinu kilichozungushwa na ngamia, na mimi huona ni hasara kubwa kwamba jikoni nyingi zimeyasahau na kuchukua mafuta ya kuganda ya kopo. Mbegu zenyewe, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mengi kati yake ni yale yasiyoshiba. Vilevile zina viambata vya asili vya mimea vinavyozuia lehemu isifyonzwe tumboni.

Zikaange simsim kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, ukizikoroga bila kuacha, mpaka zianze kurukaruka na kutoa harufu. Zitwange zikiwa moto pamoja na karanga, upate kitu kizito kinachong'aa kwa mafuta yake. Vijiko viwili vikubwa vya mchanganyiko huo ndani ya uji wa wimbi hugeuza kifungua kinywa chepesi kuwa chakula cha mtu anayefanya kazi. Karanga zichague kwa mkono, na zilizokunjamana, zenye ukungu au zenye uchungu zitupwe. Katika unyevunyevu wa kisiwani huota ukungu upesi, na sumu yake huharibu ini.

Kisha kuna mbaazi. Bakuli la gramu 200 za mbaazi zilizopikwa lina kalori kama 240, gramu karibu 13 za protini na gramu karibu 13 za nyuzinyuzi. Baadhi ya nyuzinyuzi hizo, kama zile za maharagwe, bamia na shayiri, hugeuka utelezi tumboni na kuishika nyongo, ambayo imetengenezwa kwa lehemu. Nyongo inapotoka na choo, ini hulazimika kuchukua lehemu nyingine kutoka kwenye damu ili kutengeneza mpya. Zipike mbaazi zako kwa tui jepesi, na badala ya mahamri zile kwa mkate wa mofa au chapati iliyopakwa mafuta ya uto.

Hesabu ya nyongeza si kubwa. Kalori 300 hadi 500 za ziada kila siku huongeza robo hadi nusu kilo kwa wiki. Konzi moja ya korosho ya gramu 30 ni kalori 165, kijiko kikubwa cha mafuta ya uto juu ya mboga ni 120, na ndizi mbivu ya kiasi ni 105. Jumla ni 390, na hukuongeza hata sahani moja ya wali. Nusu ya parachichi ni nyingine 160, siku utakayolipata.

Na samaki, kamba, mayai, nyama?

Samaki kula kila siku ukipenda, wa kuchemsha, wa kuchoma au wa kupaka tui jepesi. Vibua, simu (samaki wadogo kama dagaa) na jodari wana mafuta yanayopunguza trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ingawa hayashushi LDL sana. Faida yao kubwa kwako ni kuchukua nafasi ya nyama ya mafuta. Kamba na pweza wana lehemu ndani yao lakini mafuta yaliyoshiba ni kidogo mno, kwa hiyo mara moja moja si tatizo, ila wasikaangwe. Yai moja kwa siku linatosha, na nyama iwe isiyo na mafuta, mara chache. Kuku avuliwe ngozi. Maini na ubongo viache kwa sasa.

Kahawa chungu ya barazani je?

Swali zuri, na huwa linasahaulika. Kahawa iliyochemshwa na kumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dele, bila kuchujwa kwa karatasi, hubaki na mafuta ya buni ambayo hupandisha LDL. Kikombe kimoja kidogo baada ya Maghribi hakina neno, lakini fundi anayekunywa vikombe saba au vinane kwa siku anafaa kupunguza, tena kahawa huweza kupunguza hamu ya kula. Ukipika nyumbani, ichuje kwa karatasi.

Ndimu na kitunguu saumu havikati mafuta?

Ndimu haikati kitu ndani ya mishipa. Kitunguu saumu huenda kikashusha lehemu kidogo sana. Vitie kwenye samaki kwa ladha na ili upunguze chumvi, usivitegemee kama dawa.

Nikiongeza chakula tu, bila mazoezi, itakuwaje?

Kilo nyingi zitakwenda tumboni, hasa kama unazitafuta kwenye kaimati, soda na chai ya sukari nyingi, ambazo pia hupandisha trigliseridi. Unahitaji misuli. Kazi ya randa na patasi inasaidia mikono na mabega, lakini miguu yako haipati mzigo wa kutosha. Chuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, seti tatu, huku umekumbatia ubao mzito, siku tatu kwa wiki, na uongeze mzigo kadiri unavyopata nguvu. Siku hizo hakikisha protini imegawanyika katika milo yote, jumla gramu 60 hadi 80, badala ya kuisubiri sahani ya usiku peke yake.

Nipime tena lini, na vidonge nilivyoandikiwa niviache nikianza chakula hiki?

Usiviache. Ikiwa LDL yako ni ya urithi, chakula peke yake hakitaitosheleza hata ukikifuata kwa uaminifu, na vidonge vya kushusha lehemu viitwavyo statini hufanya kazi vizuri zaidi kwa anayekula vizuri. Anayeweza kuvipunguza ni daktari wako, akiwa na matokeo mapya mkononi. Mwezi wa Ramadhani mwulize akupangie saa ya kuvimeza baada ya kufuturu.

Rudia kipimo cha damu baada ya wiki 8 hadi 12. Uzito upime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, na uuandike kwenye daftari lako la vipimo vya mbao. Wiki mbili zikipita bila uzito kupanda, ongeza konzi nyingine ya karanga kwa siku. Uzito ukipanda lakini LDL ikabaki pale pale, njoo na daftari hilo pamoja na chupa na kopo za mafuta zilizo jikoni kwenu, tuzisome pamoja na mama.