Korosho zimelipa, unajenga: je, chumba kitapata hewa ya kutosha?

Malipo ya korosho yakishaingia, Mtwara inafyatua matofali, na michoro inarundikana mezani kwetu maafisa afya. Tunayoirudisha mara nyingi ina kasoro ya hewa. Malalamiko ya wapangaji nayo hayaishi, hasa kwenye vyumba vya uani vilivyobanana ukuta kwa ukuta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kanuni ya nyumba za kuishi ya ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani, inataka lita 3.5 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, kisha lita 0.15 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Wao hukisia watu kwa idadi ya vyumba vya kulala. Kwetu, hesabu vichwa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 wanacholala baba, mama na watoto wawili: watu lita 14, sakafu lita 1.6, jumla 15.6 kwa sekunde. Kwa saa ni mita za ujazo 56. Dari ikiwa mita 2.7, chumba kinabeba mita za ujazo 28. Maana yake hewa yote ibadilike mara mbili kila saa, usiku kucha.

"Mbona tuna feni?" Feni inazungusha hewa ileile mliyokwisha kuipumua! Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani nacho kinaipoza tu.

Tuje kwenye dirisha. Kipimo cha kuanzia ni sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu yake ifunguke. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza upepo zaidi (wavu usiutoe, malaria ipo). Usiku watu wanalifunga kwa kuogopa vibaka, na hesabu inarudi karibu na sifuri. Ndiyo sababu tunadai matundu ya kudumu juu ya dirisha. Upepo ukipenya kwa nusu mita kwa sekunde, lita 15.6 zinahitaji uwazi wa sentimita za mraba 312, kama ukurasa wa daftari dogo, na mwingine wa kutolea hewa ukuta wa pili. Kusi inatoka kusini mashariki. Matundu ya kuingizia yaelekee huko. Fundi akikwambia yanaharibu sura ya nyumba, mwambie halali humo yeye.

Jiko la mkaa halimo kwenye hesabu hii, halipaswi kuwa chumbani kabisa. Salfa ya mikorosho nayo isihifadhiwe mnakolala.

Kuhusu utaratibu: kibali cha ujenzi kinaombwa halmashauri kabla ya kuchimba msingi, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na michoro inayoonyesha vipimo vya madirisha na matundu. Ukibadilisha dirisha baada ya kibali, unarudi na mchoro mpya. Mpangaji mwenye malalamiko aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata. Tutakagua, na kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 mwenye nyumba anaweza kupewa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Muda ukipita bila utekelezaji, shauri linakwenda mahakamani. Wapo wanaoichana notisi wakidhani imekufa. Nakala iko kwenye jalada ofisini.